Swali la Lugha: Tumbo la dagaa

Msomaji wa Ujiji anauliza: "Naandaa jedwali la data za jeni za samaki. Kichwa kiwe 'usemi wa jeni' au 'udhihirikaji wa jeni'? Mstari wa kwanza unasomeka: dagaa, tumbo, sampuli 3."

Andika udhihirikaji. Jeni haina mdomo. Husomwa na seli, ikatolewa nakala ya RNA, yaani molekuli inayobeba maelezo ya jeni, na nakala nyingi hutumika kutengenezea protini. Wewe unahesabu nakala. Usemi tulishaugawa darasani, halisi na wa taarifa, na jeni haikupewa fungu. Aliyetuletea "usemi" kwa kutafsiri Kiingereza "expression" hakujua kwamba asili yake, Kilatini exprimere, ni kukamua. Mkamua mawese yeyote wa Kigoma angemsahihisha.

Hilo dogo. Kilichonipandisha mori ni huo mstari wako wa kwanza.

Dagaa yupi? Hapo ziwani kwenu kuna Stolothrissa tanganicae na kuna Limnothrissa miodon, wote dagaa. Wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, ambaye hata familia moja na hao hawana. Udugu wao unaanzia kwenye kikaango. Mwenzako wa Mwanza naye akiandika "dagaa", majedwali yakaunganishwa, kompyuta itawachanganya bila aibu, nanyi mtatangaza tofauti ya mazingira kumbe ni tofauti ya spishi.

Na tumbo! Mtu "ana tumbo" akiwa mjamzito, "anaumwa tumbo" akila kiporo, na buchani matumbo hupimwa kwa kilo. Wewe umekata nini? Kama ni mfuko wa chakula, andika UBERON:0000945. Kama ni utumbo, UBERON:0000160. Fumbatio zima ni UBERON:0000916. Hizo ni namba za Uberon, ontolojia ya viungo vya wanyama, yaani msamiati wa pamoja ambao kila neno lina namba, fasili na ukoo. Ukoo ndio wenye faida: utumbo mwembamba, UBERON:0002108, umesajiliwa kuwa sehemu ya utumbo, kwa hiyo anayetafuta data za utumbo kwa kufuata ukoo huo ataupata hata kama hukuandika neno hilo.

Basi weka safu mbili. Ya kwanza neno lako la nyumbani, silifuti. Ya pili namba. Spishi ipe namba ya taksonomia, yaani orodha ya uainishaji wa viumbe, ya NCBI, kituo cha Marekani cha data za kibiolojia (binadamu ni 9606). Soma fasili kabla ya kunakili, maana jina linalofanana hudanganya. Kama aliyepasua samaki hakuandika alikata wapi, usibahatishe: panda ngazi moja juu hadi mfereji wa chakula, UBERON:0001555. Namba pana iliyo sahihi haimpotezi mtu. Finyu iliyobahatishwa itampoteza kila atakayekufuata.

Safu ya majina ya jeni igeuze kuwa maandishi kabla hujabandika chochote. Excel iliigeuza jeni SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba mara nyingi mno, hata wasimamizi wa majina ya jeni za binadamu wakasalimu amri na kuiita SEPTIN2. Jeni imebadili jina kwa kuogopa programu ya mahesabu, nawe bado unaniandikia "tumbo".