Kwa nini simbilisi, si panya?

SWALI: Mhariri, nasomea maabara Morogoro. Watafiti walijuaje kuwa kifua kikuu huenea kwa hewa, na kwa nini walitumia simbilisi badala ya panya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Jaribio kuu lilifanyika Baltimore, Marekani, miaka ya 1950 hadi mapema 1960, likiongozwa na Richard Riley kwa wazo la William Wells. Hewa ya wodi ndogo ya wagonjwa ilipitishwa kwenye mabomba hadi chumba cha simbilisi juu yake. Wanyama hao hawakuwaona wala kuwagusa wagonjwa. Walichoshirikiana nao ni pumzi tu.

Kila mwezi walichomwa kwenye ngozi tuberkulini, dondoo la bakteria wa kifua kikuu linalomvimbisha aliyeambukizwa. Aliyevimba aliondolewa, akapasuliwa, bakteria wakaoteshwa na usugu wao kwa dawa ukalinganishwa na wa bakteria wa wagonjwa, ili kujua nani alimwambukiza. Chumba cha pili kilipata hewa ileile, ila iliyomulikwa kwanza kwa urujuanimno (mwanga wa UV unaoua bakteria). Humo hakuambukizwa hata mmoja.

Simbilisi huugua kwa bakteria wachache mno. Mara nyingi pafu huwa na kidonda kimoja tu, dalili kwamba chembe moja ilitosha. Panya wa kawaida wa maabara ni sugu zaidi, na vidonda vyao kwa kawaida havifanyi ule uozo laini kama jibini unaoonekana kwa binadamu. Kwa majaribio ya dawa na chanjo, sawa, panya ni rahisi kufuga.

Kasoro? Simbilisi huvuta hewa kidogo, hivyo wachache hawatoshi. Tena mgonjwa akianza dawa zinazomfaa, maambukizi hushuka haraka: ukichelewa kumwingiza wodini, utapata sifuri ya uongo, yaani hakuna simbilisi aliyeambukizwa ingawa mgonjwa alikuwa akiambukiza kabla ya dawa.