Polonnaruwa, na aanzie kwenye tuta la lambo

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza hivi: msafiri mwenye nafasi ya kuona mji mmoja tu wa kale katika nchi ya kisiwa, aende upi, na aanze ziara yake wapi? Jibu langu ni Polonnaruwa, makao makuu ya zamani ya wafalme nchini Sri Lanka, na ninapendekeza aanzie juu ya tuta la lambo kubwa lililo magharibi ya magofu, asubuhi na mapema, kabla hata ya kununua tiketi.

Najua wengi watataja miji mingine ya nchi hiyo hiyo. Galle inapendeza, na ngome yake, iliyoanzishwa na Wareno kisha ikapanuliwa na Waholanzi, mtu huimaliza kwa miguu jioni moja. Lakini aliyekulia Mombasa, akipita kila siku chini ya Fort Jesus, hatashangazwa sana na kuta za namna ile. Kandy ina Hekalu la Jino la Budha, ila ufalme wake uliodumu hadi 1815 leo umemezwa na msongamano wa magari na maduka. Mshindani wa kweli ni Anuradhapura, uliokuwa makao makuu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ambao stupa yake (kuba la Kibudha la kuhifadhia masalia matakatifu) ya Jetavanaramaya, ya karne ya 3, ilifikia kimo cha takriban mita 120, kiasi kwamba ni majengo machache mno duniani yaliyoizidi wakati huo. Hata hivyo magofu ya Anuradhapura yametawanyika mno, na mgeni wa siku moja huondoka akiwa ameona matofali mengi pasipo kuelewa yalihusiana vipi. Polonnaruwa umekusanyika, na kinachouunganisha ni maji.

Sehemu hiyo ya kisiwa hupata mvua zake kubwa wakati wa kaskazi, upepo ule ule uliosukuma majahazi ya Arabuni na Bara Hindi hadi pwani yetu, na baada ya hapo hufuata miezi mirefu ya ukame. Makao makuu yenye jeshi, watawa na mafundi wa kila aina yasingeweza kudumu mahali kama hapo bila akiba ya maji. Mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1153 hadi 1186, aliunganisha malambo yaliyokuwapo kabla yake na kuyafanya kuwa moja, Parakrama Samudra, ambalo leo lina eneo la takriban hekta 2,500 na tuta la kilomita kama 14. Tarihi ya kale ya kisiwa hicho inasimulia kuwa mfalme huyo hakutaka hata maji kidogo ya mvua yafike baharini kabla ya kuwafaa watu.

Ukiwa juu ya tuta, utazame namna maji yanavyotolewa. Mafundi wa kale wa Sri Lanka walijenga ndani ya matuta yao kisima cha mraba kilichozungushiwa mawe yaliyochongwa, chenye mlango wa kupandisha na kushusha, ili maji yaingie humo kwanza, yapunguzwe kasi, kisha ndipo yaelekee mfereji wa mashambani. Bila kisima hicho, nguvu ya maji ya lambo lililojaa ingelila tuta kutoka ndani mpaka likapasuka. Kwangu mimi huo ni ustadi wa kustaajabisha kuliko sanamu nyingi, ingawa watembezaji wa wageni huupita bila kuutaja.

Kutoka hapo magofu huanza kujieleza. Karibu na jumba la mfalme, ambalo kuta zake zina unene wa mita kadhaa, kuna bwawa la kuogea liitwalo Kumara Pokuna, lililojazwa kwa maji ya mfereji kupitia midomo ya mamba wa mawe. Mbele kidogo ni uwanja wa mahekalu ambako Mfalme Nissanka Malla, aliyetawala baada ya hapo, aliacha bamba la jiwe lenye urefu wa takriban mita nane lililojaa sifa zake mwenyewe. (Mtu asiyejua maandishi ya Kisinhala hakosi kitu kikubwa hapo.) Kaskazini zaidi ni Gal Vihara, sanamu nne za Budha zilizochongwa katika mwamba mmoja wa itale, aliyelala ana urefu wa mita 14. Usikimbilie kupiga picha. Utazame mto aliolalia kichwa: mchongaji amelibonyeza jiwe kana kwamba ni pamba, na mistari ya asili ya mwamba inapita usoni na kifuani bila kuharibu umbo.

Mwaka 1215 Magha wa Kalinga, mvamizi kutoka Bara Hindi, aliuvamia mji huo. Katika karne hiyo hiyo watawala wakahama, matuta yakakosa wa kuyatunza, na msitu ukafunika mahekalu. Lambo lilikarabatiwa katika karne ya 20 na linanywesha mashamba ya mpunga mpaka leo, jambo ambalo halipatikani katika magofu mengi ninayoyafahamu.

Kuhusu utaratibu, kodi baiskeli mjini, kwa kuwa umbali kati ya lambo na Gal Vihara ni mrefu kwa miguu na jua halina huruma. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Chukua soksi, maana viatu huvuliwa kwenye kila eneo takatifu na kufikia saa sita mchana mawe yanaunguza nyayo. Usipige picha ukiwa umempa Budha mgongo. Kwa Wabudha ni utovu wa adabu, na walinzi watakukemea.

Anayeweza kuchagua majira aende kati ya Julai na Septemba. Wakati huo maji ya Minneriya, lambo la Mfalme Mahasena la karne ya 3 lililo jirani, hupungua na kuacha majani mabichi kandokando, na tembo kwa makundi hushuka kuja kula. Ziara hiyo hufanywa alasiri kwa magari ya wazi ya kukodi, na bei ipatanwe kabla ya kupanda.