Bell X-1 ya skeli 1/48: rangi ya chungwa inayoweka mabaka na mkia unaokaa chini

SWALI

Fundi, salamu. Naunganisha modeli ya ndege ya majaribio ya Bell X-1, skeli 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), plastiki yake ni ya kijivu. Nina mambo matatu. Kwanza, mabawa nimeyapuliza rangi ya chungwa mikono minne na bado yana mabaka. Kuna sehemu imekolea na sehemu inavuta kahawia. Pili, nikiifunga bodi kwa tepu na kuisimamisha kwenye magurudumu, mkia unakaa chini na pua inatazama juu. Tatu, nataka kuweka ule weupe wa barafu unaoonekana tumboni kwenye picha zake. Niko Mombasa, natumia brashi ya hewa na kompresa ndogo. Bodi sijaigundisha. Nianzie wapi?

JIBU

Ndugu msomaji, anzia kwenye hilo la tatu, maana ndilo litakaloamua la pili.

Weupe ule ni sakitu. X-1 ilibeba oksijeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, ndani ya tangi lililokaa nyuma ya rubani na mbele ya mabawa. Alkoholi iliyochanganywa na maji ilikuwa kwenye tangi la nyuma, karibu na injini, na hiyo haikugandisha kitu. Unyevu wa hewa ukigusa ngozi ya bodi iliyozunguka tangi la oksijeni, unaganda hapohapo. Kwa hiyo sakitu nzito inasema jambo moja: tangi limejaa.

Sasa kumbuka ndege hii ilivyorushwa. Ilining'inizwa chini ya tumbo la B-29, ndege kubwa ya mabomu, magurudumu yakiwa ndani, ikaachiwa angani, ikachoma mafuta yake kwa dakika chache, kisha ikateleza bila injini mpaka kutua kwenye ziwa kavu la Rogers, pale Muroc, California. Magurudumu yalitoka mwishoni, mafuta yakiwa yamekwisha. Ndivyo ilivyokuwa hata tarehe 14 Oktoba 1947, rubani wake Chuck Yeager alipofika Mach 1.06, yaani mara 1.06 ya kasi ya sauti, kwenye kimo cha mita 13,000 hivi. Modeli iliyosimama kwa magurudumu huku ina sakitu nzito mbichi inachanganya mwanzo na mwisho wa safari. Upo upenyo mmoja tu: tarehe 5 Januari 1949 Yeager aliipaisha X-1 kutoka ardhini kwa nguvu ya injini yake yenyewe. Ukitaka magurudumu na sakitu kwa pamoja, hiyo ndiyo siku yako.

Ushauri wangu ni uijenge ikiwa angani, magurudumu ndani, juu ya nguzo. Unapata sakitu, unaachana na habari ya kuweka uzito puani ili mkia usikae chini, na umbo la ndege linaonekana vizuri zaidi, kwa sababu miguu ya X-1 ni mifupi na chini yake hakuna cha kutazama. Kazi inayoongezeka ni milango ya magurudumu, ambayo kwenye seti nyingi imechongwa ili ikae wazi. Gundisha vipande vya plastiki vya milimita 0.5 ndani ya ukingo wa tundu viwe kama fremu ya mlango, jaribu mlango, punguza kingo kwa tupa ndogo hadi uwe sawa na bodi, ndipo ugundishe. Kama umebonyea hata kidogo, usijaribu kuufukia kwa puti peke yake. Uinue kwa kipande kingine kwa ndani, kwa sababu puti nene huendelea kusinyaa wiki kadhaa na mlango utajichora upya chini ya rangi.

Nguzo iandae kabla ya kufunga bodi. Ifunge modeli kwa tepu, mabawa na mkia vikiwemo, itafutie mahali inapokaa sawa juu ya kidole, weka alama. Hapo ndani gundisha kipande cha plastiki cha milimita 1.5, na juu yake mrija wa shaba wenye tundu la milimita 3, kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili. Supagluu haifai hapa. Inashika haraka lakini haistahimili kupindwa, na nguzo itaupinda mrija kila utakapoishika modeli.

Kama bado unataka magurudumu, basi uzito. Usibahatishe. Isimamishe modeli iliyofungwa tepu, mfuko mdogo wa nailoni uuweke juu ya pua pale utakapoweka uzito kwa ndani, kisha ongeza gololi za beringi au chubwi za kuvulia mpaka pua ishuke yenyewe. Pima mfuko kwenye mizani ya jikoni, ongeza theluthi moja kwa ajili ya rangi na kioo. Mahali pa uzito ni muhimu kuliko wingi wake. Tuseme modeli ina gramu 60 na kitovu cha uzito kiko milimita 8 nyuma ya magurudumu makuu. Ukiweka uzito milimita 80 mbele ya magurudumu hayo, gramu 6 zinatosha. Ukiuweka milimita 40, utahitaji 12. Kwa hiyo sukuma kila kitu mbele ya chumba cha rubani, hadi ncha ya pua. Gololi ya chuma ya milimita 10 ina gramu 4 hivi, ya risasi ina karibu 6. Usizidishe, maana mguu wa mbele ni mwembamba na plastiki hulegea ikibebeshwa kwa miezi.

Ukitumia risasi, usiishike kwa gundi nyeupe ya mbao. Asidi iliyomo huila risasi taratibu, inageuka unga mweupe unaovimba, na baada ya miaka michache pua inapasuka kwa ndani. Tumia epoksi. Na ukishika risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Kabla ya rangi, kuna mshono. Bodi ya X-1 ni ya duara, ilibuniwa kufuata umbo la risasi ya bunduki ya inchi 0.50, na kwa skeli yako ina urefu wa sentimita 19.6 na unene usiofika sentimita 3. Duara hilo likipigwa msasa kwa kibao bapa, linapata uso wa bapa juu na chini, na rangi ya chungwa inayong'aa itauonyesha kutoka upande wa pili wa chumba. Kata utepe wa msasa wenye upana wa sentimita 1, uzungushie bodi na uuvute huku na huku kukatiza mshono, kama anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Namba 400, halafu 800, halafu 1200 kwa maji. Usianze kabla ya saa 48 tangu ugundishe. Gundi ya kuyeyusha plastiki huendelea kukauka ndani, na mshono uliosawazishwa mapema hurudi ukiwa mfereji mwembamba, mara nyingi rangi ikishapakwa. Ukijaza kwa supagluu, mambo ni kinyume: ipige msasa ndani ya saa moja, kabla haijawa ngumu kuliko plastiki yenyewe.

Mabawa nayo yaangalie kwenye ukingo wa nyuma. X-1 ya kwanza, namba 46-062, ilikuwa na mabawa yenye unene wa asilimia 8 tu ya upana wake. Kwa skeli yako hiyo ni milimita 3 pale bawa linapoungana na bodi. Ukingo wa nyuma ulio butu unaharibu sura yote. Ukwangue kwa ndani kabla ya kuunganisha nusu mbili, usiukwangue kwa nje.

Sasa rangi, ambako ndiko ulikokwama. Huna kosa la mkono. Chembe za rangi ya chungwa hazizuii mwanga vizuri. Mwanga unapenya, unagonga plastiki ya kijivu iliyo chini, unarudi umechafuka, na ndio ukahawia unaouona. Pale rangi ilipojikusanya, kwenye kingo na mistari, inaonekana imekolea. Mkono wa tano na wa sita hautaponya. Utajaza mistari ya bodi tu. Tiba iko chini ya rangi.

Kama ulichopuliza ni akriliki, jaribu kukitoa kwa spiriti na mswaki wa zamani, ukianzia upande wa chini wa bawa. Kama ni laka, usijaribu kukitoa, thina yake itakula plastiki. Sawazisha kwa msasa namba 1000 na uendelee juu yake.

Mpangilio ni huu: praima ya kijivu kwanza, ili uone mikwaruzo na mshono. Ukisharidhika, nyeupe. Nyeupe nayo ni dhaifu, hivyo iende mikono mitatu myembamba mpaka hakuna kijivu kinachochungulia, hasa palipo na puti. Nyeupe tupu inatoa chungwa kali. Ukiitilia matone ya chungwa yenyewe, moja kwa kumi, iwe kama waridi iliyopauka, chungwa litafunika mapema na makosa yatajificha. Mimi napendelea hiyo ya pili.

Kwa chungwa, ukitafuta kwa namba ya kiwango cha Marekani utaambiwa FS 12197. Tarakimu 1 ya mwanzo maana yake ni rangi inayong'aa. Iko karibu vya kutosha. Usimlipe mtu akuuzie "ile hasa", maana kiwango hicho kilitolewa mwaka 1956 na ndege ilipakwa miaka kumi kabla. Wanaopunguza ukali wa rangi ili modeli ifanane na ndege kubwa inayotazamwa kwa mbali huongeza nyeupe, na kwa chungwa hilo ni kosa, kwani inageuka waridi. Tumia njano, tone 1 kwa matone 15. Eneo zima la modeli halizidi sana sentimita za mraba 270, hivyo mililita 10 zinatosha ukiwa mwangalifu. Changanya zote mara moja kwenye chupa moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza.

Akriliki ipunguze nusu kwa nusu, laka sehemu 1 kwa 2 za thina. Nozeli ya milimita 0.3, presha ya psi 15 hivi, umbali sentimita 8 hadi 10. Mkono wa kwanza uwe vumbi tu, usijali kuona nyeupe. Halafu miwili ya wastani, dakika 10 hadi 15 kati yake, na wa mwisho uwe na umajimaji unaong'aa bila kutiririka. Kwa joto la Mombasa rangi hukauka kabla haijafika. Ukiona uso una vipele kama ganda la tunda lenyewe, umesimama mbali au umepunguza kidogo mno. Ngoja siku mbili, pitisha msasa namba 2000 kwa maji, puliza mkono mmoja mwepesi.

Unyevu wa pwani una shida yake kwa wanaotumia laka. Thina inayoruka haraka inapoza uso, mvuke unatua juu yake na rangi inapata ukungu mweupe. Puliza mchana palipo pakavu, wala si baada ya mvua. Tumia thina inayokauka polepole. Na mwaga maji ya kichujio cha kompresa kila unapopumzika, la sivyo itakutemea tone katikati ya bawa. Thina ya gereji ya magari usiilete karibu na modeli kabla ya kuijaribu kwenye kipande cha fremu ya plastiki. Nyingi zinaiyeyusha.

Dekali, yaani zile alama nyembamba za kubandika, zinahitaji vanishi inayong'aa chini yake, zisibaki na hewa inayometa kama fedha. Shida ya kupenya inarudi hapa kwa njia nyingine: nyeupe ya dekali ni nyembamba, na nyota ya taifa itavuta waridi juu ya chungwa. Kata duara la tepu la ukubwa wa nyota, pulizia nyeupe hapo kwanza, pungufu ya nusu milimita kuzunguka. Maandishi ya "Glamorous Glennis" puani, jina la mke wa Yeager, ni madogo, hayahitaji hilo. Mstari mwekundu kwenye pau nyeupe za pembeni mwa nyota uliongezwa Januari 1947, hivyo linganisha dekali zako na picha ya tarehe uliyoichagua. Mistari ya bodi usiijaze wino mweusi. Ndege hii ililainishwa ili ipasue hewa. Kahawia nyekundu iliyopunguzwa sana inatosha, na kwenye milango ya ukaguzi tu.

Sakitu inakuja mwisho kabisa, baada ya vanishi zote, kwa sababu vanishi ikipita juu yake itaigeuza kuwa doa la kijivu. Chukua nyeupe isiyong'aa, sehemu 1 kwa 8 za thina, presha ya psi 10, sentimita 4 kutoka kwenye bodi. Fuata picha, ukanda ukae pale lilipo tangi la oksijeni, mzito tumboni na ukififia kuelekea mgongoni. Usizibe kwa tepu, kwani sakitu haina mstari ulionyooka. Puliza kidogo, acha ikauke, itazame kwa mbali, kisha ongeza. Ikikauka huwa nyeupe zaidi kuliko ilivyoonekana mbichi. Ikizidi, pamba ya masikio yenye thina kidogo ya akriliki itaifuta, ilimradi vanishi iliyo chini ni laka na ilikaa siku mbili.