Cheti cha ubawabu hakinunuliwi kwa dalali

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 22, mkazi wa Kilifi. Nimefanya vibarua vya mjengo kwa miaka mitatu na sasa natafuta kazi ya ubawabu katika kampuni ya ulinzi mjini Mombasa. Kuna dalali anayetaka shilingi 6,000 ili anipatie cheti cha mafunzo kwa siku tatu, bila kuingia darasani. Je, cheti hicho kitanifaa? Na sheria inamtaka bawabu awe na nini?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Usimpe pesa hizo, ndugu yangu. Tangu kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi nchini Kenya, haitoshi kampuni peke yake kusajiliwa; bawabu naye hutakiwa kusajiliwa kwa jina lake na mamlaka inayofahamika kama PSRA. Anayesajiliwa awe raia aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu, aliyepata mafunzo yanayotakiwa, na asiwe amepatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa katika sheria hiyo. Kuwasilisha cheti cha kughushi ni kosa la jinai, kwa hiyo karatasi unayouziwa ili ikufungulie mlango ndiyo inayoweza kuufunga.

Anza na cheti cha mwenendo mwema, kinachotolewa na idara ya upelelezi wa jinai, DCI. Maombi na malipo hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda na fomu yako kuchukuliwa alama za vidole, huduma ambayo pia hupatikana katika Huduma Centre, yaani vituo vya huduma za serikali kwa umma. Hapa nakutahadharisha kwa sababu ya kazi uliyokuwa ukifanya: saruji hula ngozi ya vidole, na kidole kilichochubuka kikiviringishwa kwenye wino huacha doa badala ya mistari. Pumzisha mikono siku kadhaa, uipake mafuta kila usiku, na asubuhi ya kwenda uioshe vizuri na kuikausha.

Kuhusu mafunzo, sielewi mtu atajifunzaje kazi hii bila kufundishwa. Sheria humruhusu bawabu aliye langoni kumtaka mgeni ajitambulishe na kuandika saa aliyoingia na aliyotoka, lakini inamkataza kuzitumia habari hizo kwa jambo jingine lisilokuwa utambulisho. Maana yake, nambari ya simu ya binti aliyejiandikisha mchana haiwi yako ya kumpigia jioni. Utahitaji pia kujua jinsi ya kumpekua mtu bila kumvunjia heshima, wapi mamlaka yako ya kumkamata mtu yanakoma na polisi waitwe, jinsi ya kukabili moto na kumhudumia majeruhi, na namna ya kuandika OB, lile daftari la matukio, kwa lugha ambayo hakimu ataielewa hata baada ya miaka miwili.

Mkufunzi naye lazima awe amesajiliwa, kwa kuwa kutoa mafunzo ya ulinzi ni miongoni mwa huduma zinazosimamiwa na sheria hiyohiyo. Kabla ya kulipa karo, iombe taasisi ikuonyeshe cheti chake cha usajili, uulizie PSRA kama bado ni halali, kisha ulipe kwa akaunti ya taasisi na udai risiti yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho.