Kinanda cha kwaya na mziki wa Kiarabu na Kihindi

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, umesema unapiga kinanda kwaya na unataka kujifunza mziki wa Kiarabu na Kihindi ila ukisikiliza unaona kama wanatoka nje ya sauti. Aisee hawatoki, ni sikio lako limezoea do re mi ya kanisani tu. Anza na taarabu ya Zanzibar manake maneno unayaelewa, halafu sikiliza nyimbo za maqam (mpangilio wa sauti za mziki wa Kiarabu) inaitwa Rast, pale utasikia mi imeshuka kidogo, haijafika kwenye kile kitufe cheusi ila sio mi yako pia, na ti nayo hivyohivyo. Kwenye kinanda cha kawaida hiyo sauti haipo, kwahiyo kiweke pembeni kwanza UIMBE, uimbe taratibu mpaka koo likubali. Wenzetu wanaipata kwenye fidla na udi, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vile vyuma vidogo vya kurekebisha nyuzi.

Kihindi usikimbilie tabla, zile ngoma zao mbili ndogo. Shika kwanza teental, mzunguko wa mapigo 16: piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, pigo la 9 punga mkono tu, huku unahesabu kwa mdomo, hata kwenye daladala ya kwenda Uyole unaweza.

Na usiwapite wazee wa huko kwetu jamani, shuka Kyela kwenye ngoma, omba ukae karibu na mpigaji uangalie mikono yake. Ukipata nauli Februari, nenda tamasha la mziki la Sauti za Busara Unguja ukawaone wapigaji live.