Mgonjwa ana magamba ila hajikuni, tunaowashwa ni sisi

SWALI: Dokta shikamoo. Namuuguza mamkubwa, anameza prednisoloni muda mrefu sasa. Viganja vimeota magamba mazito na chini ya kucha kumejaa kitu kama unga mgumu, tukapewa krimu ya ukurutu, tunapaka lakini ndo kwanza yanaenea. Yeye wala hajikuni. Ila mimi na mdogo wangu usiku hatulali, tunawashwa katikati ya vidole na kiunoni. Ni nini hiki?

JIBU: Marahaba. Hapo uliposema yeye hajikuni ila nyie mnawashwa ndipo penyewe. Nahisi ni upele mkali wa magamba, yaani upele uleule wa kawaida ila umekuta mwili hauna kinga ya kutosha. Kule kuwashwa kunaletwa na kinga ya mwili ikipambana na vidudu vya upele vinavyojichimbia kwenye ngozi, sasa kinga ikishashuka, iwe kwa steroidi, yaani dawa za kupunguza kinga kama hiyo prednisoloni ya mamkubwa, au VVU, au dawa za waliopandikizwa figo, mtu anaweza asiwashwe kabisa na huku vidudu vinazaana tu. Upele wa kawaida unakuta vidudu kama 10 hadi 15 mwili mzima, huu ni maelfu mpaka mamilioni, ndo maana hata kumtandikia kitanda tu unaweza kuambukizwa.

Krimu nyingi za ukurutu nazo zina steroidi, kwa hiyo zinazidi kuvipa nafasi. Ila vile vidonge vya prednisoloni msimkatishe wenyewe ghafla, ni hatari, hilo aamue daktari wake.

Mpelekeni hospitali na mseme wazi kwamba mnahofia upele, wamkwangue magamba yaangaliwe kwa hadubini. Ikithibitika atapakwa permethrini mwili mzima, kichwani na chini ya kucha pia, na atameza ivermektini kwa kurudiarudia wiki kadhaa, maana dozi moja kwa huyu haifui dafu. Nyie mnaomshika mtibiwe siku hiyohiyo hata asiyewashwa. Mashuka na nguo fueni kwa maji ya moto, visivyofulika fungeni kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima.

Mkiona ngozi imepasuka inatoa usaha, au ana homa, msingoje kesho jamani, bakteria wanapita hapohapo kuingia kwenye damu na hao ndio wanaoua wagonjwa wa aina hii.