Je, tumkate Seyyid Said?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Songea. Tunaandaa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, tuicheze Februari kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji. Wenzangu wanataka Wamatumbi na Warufiji wa kwenye tamthilia wageuzwe Wangoni, kwa kuwa hapa ndipo aliponyongwa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Tena wanataka tukate maneno yanayomtaja Seyyid Said, sultani wa Unguja wa zamani, eti yanawachanganya wanafunzi. Unashauri nini?
— Mwalimu, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu. La Wangoni ni jepesi. Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Mjerumani, alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, Wangoni hawajaingia vitani bado. Ukimvisha Ungoni, utakuwa umewanyang'anya watu wa Ngarambe mtu wao, na vita vya Songea, vilivyokuwa na njia yake na viongozi wake, hujavigusa hata kidogo. Wanafunzi wako wakawaulize wazee wao, watunge igizo fupi la Februari 27, 1906, siku mashujaa wa Wangoni waliponyongwa, wacheze na ngoma yao ya lizombe kabla ya tamthilia. Hilo litakuwa lenu kweli.

La Seyyid Said ndilo linaloniuma. Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje, na Hussein naye kazaliwa Kilwa, 1943. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Nyasa ilikuwa ikishukia kwetu. Mjerumani alipokuja, maakida wengi waliowasimamia watu wa bara kwenye mashamba ya pamba walikuwa watu wa pwani. Mmatumbi wa 1905 alikuwa akimtazama Mjerumani kwa jicho moja, na kwa jicho la pili anatutazama sisi.

Sasa tazama anachofanya Hussein. Kinjeketile, akiwa amepandwa na mzimu wa Hongo, anatangaza kwamba Mjerumani akishafukuzwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sultani huyo alikwishafariki 1856! Akirudiwa na fahamu, akayapima maneno yaliyomtoka kinywani, ndipo shaka inapomwingia: je, anawatoa watu chini ya bwana huyu awapeleke chini ya yule? Shaka hiyo ndiyo moyo wa mchezo. Ukiikata, unabakiwa na mganga na maji yake, na watazamaji watatoka wakisema wazee wetu walidanganyika tu. Mimi siwezi kukubali watoto wafundishwe hivyo.

Kumbuka pia mwaka ilipotoka tamthilia hii, 1969. Ilikuwa miaka mitano tu tangu sultani wa Unguja apinduliwe. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Nilipousimamia mchezo huu Kivinje, lilipotajwa, mzee mmoja wa mbele alisema kwa sauti, "Huyo tena?" Hakuna aliyemnyamazisha.

Wanafunzi wako wakichanganyikiwa, usikate. Wape saa moja ya historia. Wachoree njia ya misafara mpaka Kilwa, waambie akida alikuwa nani na pamba ililimwa kwa nguvu ya nani. Kisha mazoezi yaanzie pale makabila yanaposhukiana mwanzoni mwa mchezo, wala msipapitie haraka. Atakayeigiza Kinjeketile awe na subira: akilifikia jina la Seyyid Said, asilipige kelele. Alitamke wazi, mpaka wa nyuma kabisa alisikie.